Barua kwa mwanangu: Ukinisikia nikisema sijambo

Mama,

Jumapili uliniuliza kwa simu kwa nini ile fomu ya ulemavu ilirudi bila kitu, nikakujibu kwamba madaktari walikuwa na haraka. Nilikudanganya. Madaktari walinipa muda wao wote. Aliyejinyima ni mimi.

Nilikwenda kupimwa Jumatano. Unajua kwa sababu ya figo damu yangu husafishwa kwa mashine Jumanne na Ijumaa, saa nne nzima kila mara, kwa hiyo Jumatano ndiyo siku yangu nzuri. Nikapiga shati pasi, nikanyoa ndevu, kama mtu anayekwenda kuomba kazi. Walikuwa watatu mezani.

"Hujambo, mzee?"

Sijambo.

"Ngazi unapanda?"

Napanda. Nyumba yetu iko ghorofa ya tano hapa Pipeline, Nairobi, nisipopanda nitalala wapi? Sikusema kwamba hupumzika mara tatu njiani, wala kwamba Jumatatu jioni kijana wa duka la chini ndiye hunipandishia hata mkate.

"Kazini unaenda?"

Naenda. Sikusema kwamba pale Industrial Area nilishatolewa kwenye kupakia mizigo nikapewa kiti na daftari, na kwamba mwezi ule nilikosa siku tisa. Daktari akaandika alichosikia.

Salamu zetu hizi zimetuzoesha vibaya. Hata matangani, maiti bado iko ndani, tunaanza na sijambo.

Kuna jingine, na hili linaniuma kuliandika. Ni hilo neno mlemavu. Mimi nilikua nikijua mlemavu ni mtu unayemwona kwa macho, na mimi nina mikono miwili na miguu miwili. Ndiyo maana nilikaa na ile fomu droo­ni miezi minane, mama yako akidhani nimeshaipeleka. Muuguzi mmoja wa pale tunaposafishiwa damu ndiye aliyenifungulia Katiba kwenye simu yake, kifungu cha 260. Maana ya ulemavu humo inataja hata ugonjwa, mradi unamzuia mtu kwa kiasi kikubwa au kwa muda mrefu kufanya shughuli zake za kila siku. Nilisoma mara mbili. Kumbe figo zangu ziliandikwa humo tangu 2010, mimi nikiwa bado nabeba magunia.

Sasa hesabu. Nikishaandikishwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, naweza kuomba KRA, wale watoza ushuru, inisamehe kodi. Sh150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazitozwi, na wangu haufiki hata nusu ya hizo. Kodi ninayokatwa sasa ingetosha nauli ya hospitali na ikabaki. Zile Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, msaada wa serikali, zina wenyewe, watu wenye ulemavu mkali wasioweza kukaa bila wa kuwahudumia, kwa hiyo usianze kuniulizia kwa chifu. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo ina pensheni ya aliyeshindwa kabisa kufanya kazi. Hiyo tutaizungumza siku yake ikifika.

Nimeomba kupimwa upya. Safari hii nimechagua Jumatatu, siku tatu tangu mashine, uso ukiwa umejaa maji. Sitanyoa.

Nataka uje kutoka Eldoret uingie nami chumbani. Wewe ndiye uliyelala sebuleni likizo ya Aprili ukasikia nikitapika alfajiri. Yaandike uliyoyaona, na tarehe kama unazikumbuka. Barua ya daktari wa figo na nakala za kitambulisho ninazo.

Keti karibu yangu. Wakiniuliza hali, ukinisikia nikisema sijambo, nikanyage mguu. Wa kulia lakini, wa kushoto umevimba.

Baba yako