Risala ya Kikundi cha Akina Mama Wanyonyeshaji kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Unyonyeshaji Duniani

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mganga Mfawidhi,
Wauguzi na wakunga wetu,
Wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima, tunakushukuru kwa kukubali kujumuika nasi licha ya majukumu mengi uliyonayo. Kikundi chetu kilianzishwa na akina mama wachache waliozoeana kliniki, na leo kina katiba, viongozi na daftari la mahudhurio. Tunajivunia mafanikio makubwa: mabango yetu yamebandikwa katika kila mlango wa wodi ya wazazi, na ni nadra siku hizi kumwona mama akimwaga dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kujifungua, kwa kudhani kuwa unjano wake ni uchafu.

Dang'a hiyo ndiyo hoja yetu. Hutoka kidogo, pengine kijiko kimoja kwa mkupuo, lakini kila lita yake hubeba takribani gramu 20 hadi 25 za sukari changamano ziitwazo oligosakaraidi, ambazo baadaye hupungua hadi kati ya gramu 5 na 15. Mtoto hawezi kuzimeng'enya sukari hizo, kwa kuwa hazikuwekwa kwa ajili yake: ni chakula cha bakteria wema, hasa bifidobakteria, ambao baadhi yao huja ndani ya maziwa yayo hayo na kufanya makazi katika utumbo wake. Wakizila hutoa asidi inayowanyima nafasi bakteria wa maradhi, na baadhi ya sukari huwanasa wadudu hao kabla hawajajishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Mtoto njiti, ambaye utumbo wake huweza kuvimba hata sehemu yake ikafa, anaihitaji kinga hii kuliko mtoto mwingine yeyote.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wengi wa watoto njiti hawana nguvu ya kunyonya. Mama hukamua akiwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mgongo ameupa mlango ili wageni wa wenzake wasimwone, apate nusu kijiko katika kikombe, kisha akose pa kuiweka. Katika joto la chumbani maziwa hayo hayafai kukaa zaidi ya muda wa saa 4, ilhali kwenye jokofu hudumu hadi siku 4. Jokofu lililopo ni la chanjo, na tunakubaliana na wauguzi kwamba lisiguswe. Matokeo yake dang'a ya usiku humwagwa, na siku zake zikishapita hazirudi.

Hatuombi mtambo wa kupasha maziwa. Kuyapasha kwa nyuzi joto 62.5 za Selsiasi kwa dakika 30 huziacha sukari nyingi salama, lakini huua bakteria wema pamoja na wabaya, na maziwa ya mama kwa mwanawe mwenyewe kwa kawaida hayahitaji hayo. Tunaomba jokofu moja la maziwa peke yake, na chumba kimoja chenye mlango unaofungika, viti na bomba la kunawia.

Ombi hili si geni. Wageni rasmi waliokutangulia walilipokea kwa maneno mazuri, tukawapigia makofi, na mmoja wao alikipima chumba kwa hatua zake mbele yetu. Chumba hicho sasa ni stoo ya magodoro. Hatusemi haya kwa kumlaumu yeyote. Tungefarijika tu iwapo, kabla hujaondoka, ungetutajia tarehe ya utekelezaji na jina la afisa atakayefuatilia, ili katibu wetu aviandike hapa hapa.

Naomba kuwasilisha.