Wanafunzi wa sheria ya kampuni wafike Deep Sea

Ndugu Mhariri,

Mwanangu anasoma sheria ya biashara chuo kikuu. Akija likizo Tanga husimulia kesi ya Salomon, mtengeneza viatu wa London, ambapo mwaka 1897 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba kampuni ikishasajiliwa ni mtu kamili mbele ya sheria. Deni lake si deni la mwenye hisa. Nimelipenda somo hilo, na ndiyo maana naandika.

Pale Deep Sea, mwalo wa samaki hapa Tanga, wavuvi hununua boti kwa kuchangiana, tena kwa maneno matupu. Wakifanya biashara pamoja ili wagawane faida, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, huwahesabu kuwa wabia, yaani washirika wa biashara moja, na mdai anaweza kumfuata mmoja wao kwa deni lote, hata mali yake binafsi ikauzwa. Wengine husajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, wakaamini wamepata kampuni. Hawajapata. Jina la biashara halimkingi mtu na deni hata la shilingi moja, na jambo hili linaniumiza, maana wengi hulijua siku dalali anapobisha hodi.

Naviomba vyuo viwalete wanafunzi wa sheria ya kampuni, wakiwa na wakili, Deep Sea na soko la Mgandini, wawasaidie watu kuandika mikataba ya ubia kwa Kiswahili. Halmashauri ya Jiji nayo iwapatie chumba na meza.

Mzazi,
Ngamiani, Tanga