Kwako mdogo wangu, juu ya ule ukuta uliomwaga plasta

Mdogo wangu, assalaam alaykum.

Nimesikia wataka kuupiga ukuta upya kabla tajiri hajauona. Weka mwiko chini kwanza.

Okota vipande vilivyoanguka, uvitazame kwa nyuma. Chenye vumbi chaonyesha ukuta haukupigwa brashi wala kuloweshwa, jiwe kavu likanyonya maji ya plasta kabla haijashika. Kikiachana na plasta ya ndani, tena laini, tabaka la kwanza halikukwaruzwa. Lakini ukikuta unga mweupe, gusa kwa ulimi. Ukiwa ni chumvi, hapo ndipo mafundi wengi hujidanganya kwa kuongeza simiti. Nyumba zetu za Lamu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Unyevu hupanda toka chini na kutokea ukutani. Simiti huuziba. Maji hubaki nyuma, chumvi inaganda na kusukuma, kiraka kinaanguka na jiwe lake. Basi tafuta maji yatoka wapi: bomba, birika (tangi la maji) la chooni, au paa.

Kamwambie tajiri leo. Mpelekee vipande, sababu na siku utakazohitaji; kazi ya kurudia ni juu yako, bei ya chokaa mzungumze. Ukinyamaza, barazani watamwambia kabla ya magharibi.

Halafu gonga ukuta kwa mpini wa nyundo, na panapolia tupu bandua pote. Chumvi ifagie ikiwa kavu, maana ukiiosha inarudi ndani ya jiwe. Karai moja la chokaa iliyorowekwa vizuri, makarai matatu ya mchanga. Usikadirie kwa beleshi. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na ule wa vilima vya Shela usiuguse kabisa, ndio unaotuhifadhia maji matamu. Kila tabaka lisizidi sentimita moja. Likwaruze, liache wiki au zaidi, lilowanishe ndipo upige la pili. Tundika magunia mabichi, hasa upande unaopigwa na kusi: chokaa hukomaa polepole kwa hewa, ikikauka mbio hubaki unga.

Anza na kipande cha mita moja kwa moja. Kikitoa nyufa nyembamba, ama maji yalizidi ama jua lilikuwahi. Tarehe, vipimo na mchanga ulikotoka viandike kwenye daftari siku hiyo hiyo, si vya kukumbuka kesho. Ukuta wa nje usiuguse kabla ya kuuliza ofisi inayosimamia mji wa kale. Tangu 2001 tumo kwenye Urithi wa Dunia, na rangi ya simiti mbele ya nyumba huonekana toka mbali.