Quebec ituhesabu tukiwa kazini na shuleni pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa wasomaji wenu kuhusu sheria za lugha za Quebec, jimbo la Kanada ambalo wengi wa watu wake huzungumza Kifaransa. Mmoja aliziita ubaguzi mtupu. Mwingine alitaka nchi zetu ziige kila kifungu. Mimi ni Mkongo wa Bukavu, naishi Gatineau, ng'ambo tu ya mto kutoka Ottawa, na sikubaliani na yeyote kati yao.

Nianze na anayelalamikia ubaguzi, maana nadhani hajui Montreal, mji mkubwa kuliko yote Quebec, ilivyokuwa. Hadi miaka ya 1960 wakazi wengi wa mji ule walizungumza Kifaransa, lakini bosi alizungumza Kiingereza, na aliyetaka kupanda cheo ilimbidi aache lugha ya mama yake mlangoni. Tume ya serikali kuu iliyochunguza suala la lugha mbili ilikuta kwamba, ndani ya Quebec yenyewe, wanaume wenye asili ya Kifaransa walikuwa karibu na mkia wa orodha ya mishahara. Makundi mengi ya wahamiaji yaliwazidi. Basi mhamiaji akishuka melini na kuona hali hiyo, atampeleka mwanawe shule gani? Ya Kiingereza, bila kusita. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo. Uzazi wa wenyeji nao ulikuwa umeporomoka, kwa hiyo kila darasa la wageni lililokwenda upande wa pili lilionekana waziwazi. Huko Saint-Léonard, kitongoji chenye Waitaliano wengi, ugomvi wa shule ulioanza mwaka 1968 uliishia kwa watu kupigana mitaani mwaka uliofuata.

Serikali zilijaribu dawa mbili zisizotosha, mwaka 1969 na 1974. Ndipo tarehe 26 Agosti 1977 serikali ya René Lévesque, waziri mkuu wa jimbo, ikapitisha Sheria namba 101, kazi ya waziri wake Camille Laurin, aliyekuwa daktari wa magonjwa ya akili. Sheria hiyo iligusa mabango, mikataba na lugha ya kazini, lakini moyo wake ulikuwa shule: mtoto wa mhamiaji atasoma kwa Kifaransa hadi amalize sekondari. Wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwapo walibaki na shule zao. Matokeo yake ni kwamba leo karibu watoto tisa kati ya kumi wa familia zisizo na asili ya Kifaransa wala Kiingereza wako shule za Kifaransa. Wanangu wamo. Sijawahi kuona hilo kama dhuluma.

Kuna vituko, sikatai. Mwaka 2013 mkaguzi wa ofisi ya lugha aliukosoa mkahawa wa Kiitaliano wa Montreal kwa kuandika "pasta" kwenye orodha ya vyakula. Dunia nzima ikacheka, na mkuu wa ofisi hiyo akajiuzulu. Lakini kituko cha mkaguzi mmoja hakifuti hoja ya watu kama milioni 9 waliozungukwa na bara lenye zaidi ya milioni 300 wanaozungumza Kiingereza.

Ugomvi wangu na Quebec uko kwingine. Kwa miaka ya karibuni ulinzi wa lugha umehamishwa kutoka shuleni hadi kwenye dirisha la uhamiaji, na hapo hesabu zimeanza kwenda upogo. Mei 2022 François Legault, waziri mkuu wa jimbo wakati huo, alionya kwamba Quebec inaweza kuishia kama Louisiana, jimbo la Marekani ambako Kifaransa kilikaribia kuzimika. Mojawapo ya takwimu zinazotajwa sana katika hofu hiyo ni ya lugha ya nyumbani. Katika sensa ya 2016, asilimia 79 ya watu wa Quebec walizungumza zaidi Kifaransa nyumbani. Mwaka 2021 walikuwa asilimia 77.5.

Mhariri, hapo ndipo ninapotokea mimi. Nyumbani kwangu tunazungumza Kiswahili. Mama mkwe hana lugha nyingine ya kuelewana nasi, na mimi na mke wangu ndicho tulichochumbiana nacho. Lakini watoto wanasoma, wanacheza na wanatukanana kwa Kifaransa, na mimi kutwa nzima nawahudumia wazee kwa Kifaransa katika nyumba ya kuwatunzia. Katika safu ile ya sensa, familia yetu yote ni hasara. Mhamiaji wa Abidjan, Ivory Coast, anayezungumza Kijula sebuleni ni hasara. Mhaiti na Kikrioli chake, hasara. Ilhali sensa hiyohiyo ya 2021 ina safu nyingine, ya wanaoweza kuzungumza Kifaransa, na hapo Quebec ilikuwa na karibu asilimia 94. Nayo ilishuka kidogo, na si kosa kuijadili. Ninachokataa ni siasa ya kutaka hata chungu changu kichemke kwa Kifaransa ndipo nihesabiwe mwenzao.

Sheria namba 96 ya 2022 iliendeleza mwelekeo huo. Miezi sita baada ya mhamiaji kufika, ofisi za serikali ya jimbo zinatakiwa kumwandikia na kumsemesha kwa Kifaransa tu, isipokuwa katika mambo kama afya, usalama wa umma na haki mahakamani. Mimi haikuniuma, nilikuja na Kifaransa changu kutoka shule za masista. Itamuuma jirani aliyetokea kambi ya wakimbizi Tanzania au Uganda, anayefanya kazi zamu ya usiku na kusoma Kifaransa akisinzia. Lugha hujifunza aliyepata nafasi ya kulala. Wakitaka aharakishe, wampe masomo wakati wa kazi, kwa malipo.

Wanaosema mlango umefunguliwa kwa wanaojua Kifaransa, nawaomba watazame mlango wenyewe. Kwa mkataba wa 1991 na Ottawa, yaani serikali kuu ya Kanada, Quebec huchagua wahamiaji wake wa kiuchumi, lakini kibali cha masomo hutolewa na serikali kuu. Mwaka 2022 kamati ya Bunge la Kanada ilitoa ripoti kuhusu jinsi wanafunzi wa Afrika wanaozungumza Kifaransa wanavyokataliwa kwa wingi. Kijana wa Goma anakubaliwa na chuo cha Quebec, kisha Ottawa inamwambia haamini kwamba atarudi kwao. Akifanikiwa kupita, akasoma kwa Kifaransa na kupata kazi, kulikuwa na programu iliyoitwa PEQ, iliyoanza 2010, ya kumpa njia ya haraka ya ukaazi wa kudumu. Novemba 2025 serikali ya Quebec iliifunga. Waliokuwa wamehama, wakakopa karo na kupanga maisha kwa kuitegemea waliachwa wakihesabu miezi iliyobaki kwenye vibali vyao. Walipodai kwamba aliyekwisha kuingia apimwe kwa kanuni alizozikuta, walidai haki.

Kwa hiyo huyo msomaji anayetaka tuige kila kifungu, namshauri aige cha shule, atenge fedha za walimu, na aache vingine. Nao wanasiasa wa Quebec wanaotaja takwimu ya sebuleni kila uchaguzi unapokaribia, waitaje pamoja na ile ya kazini na ya darasani. Mwishoni mwa 2020, Covid ikiwa bado inaua wazee, serikali ilifungua mpango maalumu wa ukaazi kwa waomba hifadhi waliokuwa wakiwauguza. Wengi wao walikuwa Wahaiti na Waafrika. Wale wazee walifarijiwa kwa Kifaransa, na hakuna aliyewauliza wauguzi hao wakifika nyumbani wanazungumza nini.

Msomaji wenu,
Gatineau, Quebec