RISALA YA KLABU YA SAYANSI KWA MGENI RASMI

Ndugu Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe Mgeni Rasmi kwa kufika, tena kwa wakati.

Klabu ilianza na wanachama 9. Leo tuko 31, na tumeingia saba bora za wilaya. Shule zilizoshiriki zilikuwa 8, ila ushindani ulikuwa mkali.

Fahari yetu ni kompyuta ya kimiminika. Wapo wanaocheka, lakini jambo lenyewe si la kubuni. Mwaka 1963 Steve Papell wa NASA alitengeneza ferofluidi, yaani kimiminika chenye chembe ndogo mno zinazovutwa na sumaku, ili mafuta ya roketi yavutwe kwa sumaku. Mwaka 2023 watafiti wa Italia, Uingereza na Poland walionyesha ferofluidi ikitambua tarakimu zilizochorwa kwa vitone 8 kwa 8, kama kompyuta. Chembe zake, za nanomita 10 hivi, hujipanga upya umeme unapopita, na mpangilio huo ndio kumbukumbu. Yetu bado iko kwenye chupa ya jamu. Ukiisogezea sumaku ya spika mbovu, inasimamisha miiba kama nungunungu. Kuhesabu, bado.

Kinachotukwamisha, Mgeni Rasmi, ni hewa. Kupata chembe hizo tunadondoshea amonia kwenye myeyusho wa chumvi mbili za chuma, na amonia haina simile. Maabara haina feni ya kutolea hewa. Mwezi Machi mwenzetu alitoka mbio machozi yakimtiririka, bika likabaki sakafuni vipande vipande. Tangu siku hiyo tunafanyia kazi chini ya mwembe. Huko vumbi linaingia, chembe zinagandana kabla hatujazivika asidi ya oleiki, yaani asidi ya mafuta inayozizuia kushikamana, na tunachoambulia ni tope jeusi.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi wa mwaka juzi aliahidi feni "kabla mwezi haujaisha". Tulimpigia makofi ya kilo. Wa mwaka jana alituma fundi, akapima ukuta, akachora mraba kwa rangi nyekundu, akaaga. Tunaushukuru sana mraba huo. Shule ilipopakwa chokaa, tuliomba usiguswe.

Kwa heshima zote, tunaomba mraba ule utobolewe, uwekwe feni, na bomba la kupandisha hewa juu ya paa. Bei tumeziambatisha nyuma ya risala hii. Kabla ya chakula, tunakuomba upitie maabara; mraba unaonekana tangu mlangoni.

Tunaomba kuwasilisha.