Tuambieni foleni ina urefu gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu huu mjadala wa matibabu yanayoendeshwa na serikali, manake kila ukianza watu wanagawanyika pande mbili, hawa wanasema serikali haiwezi kitu, kila kitu kibinafsishwe, wale wanasema ukilalamika tu basi wewe unataka maskini wafe. Mimi hii huduma naiunga mkono tena sana na ndo sababu naandika. Kinachoniuma ni muda. Serikali ikishatangaza matibabu ni bure kwa wote, bei inahamia kwenye kusubiri, na mgonjwa anailipa bila hata risiti.

Uingereza walipoanzisha NHS, yani huduma yao ya afya ya taifa, tarehe 5 Julai 1948, Aneurin Bevan akiwa waziri wa afya, wazo lilikuwa mtu atibiwe kwa sababu anaumwa, habari ya hela isimhusu. Wazo zuri mno, na kwenye dharura bado linasimama, mtu akigongwa na gari usiku haulizwi ana shilingi ngapi benki, anapelekwa. Anayeumia ni yule ambaye hafi leo. Mwenye nyonga iliyosagika, mwenye henia, mwenye mtoto wa jicho. England waliweka kiwango kwamba asilimia 92 ya walioko kwenye orodha wawe hawajavuka wiki 18 tangu wapewe rufaa, na hicho kiwango hakijafikiwa tangu 2016, yani miaka kadhaa kabla ya korona, kwa hiyo wanaosingizia korona peke yake waache.

Chukua huyo wa mtoto wa jicho. Namjua mama mmoja mtu mzima, akitoka chumbani anapapasa ukuta, akimimina maji anaweka kidole ndani ya kikombe ajue yamefika wapi. Alipewa tarehe, ikasogezwa, ikasogezwa tena, sasa karatasi imeandikwa atajulishwa. Na kupiga simu anaogopa asije akaonekana msumbufu. Opresheni yenyewe kwa kawaida haimalizi saa nzima na mtu analala kwake siku hiyohiyo. Sasa siku akijikwaa akavunja nyonga atapokelewa dharura, atapasuliwa, atalazwa, atafundishwa kutembea upya, na anayelipa yote hayo ni serikali ileile iliyoona inaokoa pesa kwa kumsubirisha. Hiyo hesabu nani anaifanya?

Halafu kila mwanasiasa anajibu kwa kuahidi jengo jipya. Ebu tuulize kwanza kwa nini opresheni zinaahirishwa. Mara nyingi daktari wa upasuaji yupo, wa usingizi yupo, mgonjwa kafunga tangu usiku, asubuhi anaambiwa arudi nyumbani kwa sababu wodini hamna kitanda cha kumlaza akitoka theatre. Na kitanda hamna kwa sababu kinalaliwa na mzee aliyeshapona, ila hawezi kuruhusiwa maana nyumbani hana wa kumwogesha wala kumpa dawa. Kumbe foleni ya wanaosubiri goti unaweza kuipunguza kwa kuajiri wahudumu wa majumbani, na wala usijenge wodi. Hili manesi wanalijua siku zote, waulizeni.

Kuna hukumu ya Kanada huwa naikumbuka. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya jimbo la Quebec kuhusu marufuku ya bima binafsi kwa matibabu ambayo serikali inayagharamia, na Jaji Mkuu Beverley McLachlin alikuwa miongoni mwa walioandika kwamba kuwekwa kwenye orodha ya kusubiri sio kupata matibabu. Marufuku ikaanguka. Ugonjwa waliuona sawasawa, dawa ndo siikubali, manake bima binafsi inamtoa kwenye foleni mwenye uwezo na wengine wanabaki palepale, tena na sauti pungufu ya kulalamika.

Denmark naona walifikiri vizuri zaidi. Kuanzia 2002, hospitali ya umma ikishindwa kumtibu mgonjwa ndani ya miezi miwili anaruhusiwa kwenda ya binafsi yenye mkataba na serikali inalipa, na 2007 wakashusha ukawa mwezi mmoja. Uzuri wake ni kwamba kuchelewa kunaigharimu serikali, haimgharimu mgonjwa peke yake. Sio kwamba haina hatari, kama madaktari ni walewale wachache watahamia tu mtaa wa pili na foleni itaenda nao, kwa hiyo bila kusomesha na kuajiri watu utakuwa umehamisha tatizo.

Ninachoomba mimi hata hakihitaji pesa nyingi. Kila hospitali ya serikali ibandike kila mwezi muda halisi wa kusubiri kwa kila aina ya opresheni, mgonjwa aambiwe yuko wapi kwenye orodha na kwa nini kapitwa kama kapitwa, awepo mtu mwenye jina na namba ya simu wa kumpigia hali ikibadilika, na muda ukivuka kikomo hospitali iwe na wajibu wa kumtafutia pengine, sio yeye azunguke na faili mkononi. Hizo orodha zipo tayari kwenye kompyuta zao. Kwa nini zinafichwa kwa watu ambao majina yao ndo yameandikwa humo?

Wako,
Msomaji wa siku nyingi