Pikapu Inadunda Nyuma Ukipanda Mlima? Usikimbilie Kuongeza Pati

Wateja wanaofika gereji kwetu hapa Ngamiani, Tanga, huleta lalamiko moja kwa maneno tofauti. "Inapiga teke." "Nyuma inarukaruka." "Inagonga chini nikiachia klachi." Gari limepakia saruji kwenda Lushoto, au limeingia njia ya vumbi ya Amani, tairi zikakutana na changarawe penye mwinuko, mara ekseli ya nyuma inadunda mfululizo mpaka bodi nzima inatetemeka. Na karibu kila mwenye gari huja ameshajichagulia dawa: "Fundi, niongezee pati," yaani bapa jingine la chuma kwenye springi.

Tunaomba subira kidogo. Pati ikiongezwa bila uchunguzi, huwa unalipia springi wakati ubovu uko kwenye yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi.

Kinachotokea ni hiki. Injini inapozungusha tairi kwenda mbele, nyumba ya ekseli nayo inasukumwa izunguke kinyume chake, na pua ya difu (nyumba ya gia katikati ya ekseli), pale inapoingia propela inayoleta nguvu kutoka giaboksi, inanyanyuka. Magari yenye springi za koili nyuma yana vyuma maalumu vya kuishikilia ekseli isizunguke. Pikapu ya springi pati haina. Pati zilezile zinazobeba mzigo ndizo zinazopambana na mzunguko huo. Nguvu ikizidi, zinajipinda umbo la herufi S: mbele ya ekseli zinabinuka juu, nyuma yake zinashuka. Tairi likiteleza, zinajinyoosha kwa kishindo. Tairi linashika tena, zinajipinda tena, ndiyo midundo unayoisikia.

Usidhani ni nguvu ndogo. Chukua injini yenye msokoto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm (newtonmita) 200. Gia ya kwanza huuzidisha karibu mara nne, na difu karibu mara nne nyingine: tayari ni Nm 3,200 kwenye ekseli. Ukiweka 4L, gia nzito ya kuendesha tairi zote nne, ambayo kwenye pikapu nyingi huongeza takriban mara mbili na nusu, unafika Nm 8,000 kwa ekseli zote mbili iwapo tairi zimeshika ardhi. Ndiyo maana krosi (viungo) za propela zinakufa mapema, sili ya difu inavuja, sentabolti inayoshikanisha pati katikati inakatika, na pati kuu inavunjika karibu na jicho la mbele, lile tundu la mwisho wa springi.

Sasa uchunguzi. Madereva wengi hujaribu gari kwa kuvuta hendibreki kisha kuachia klachi taratibu huku mwenzao akichungulia difu. Kipimo hicho kinadanganya. Breki za nyuma zikishika, msokoto unaishia ndani ya ekseli yenyewe, springi hazijipindi, na gari bovu linaonekana zima. Sisi tunafunga kamera ndogo chini ya chasisi, tunaliendesha gari kwenye mwinuko likiwa na mzigo, kisha tunakaa na mteja kutazama picha pamoja. Pua ya difu ikipanda, utaiona kwa macho yako.

Tukirudi gereji tunaanza na yubolti, kwa sababu hapo ndipo tunapokuta ubovu mara nyingi zaidi. Zikilegea, ekseli inacheza juu ya springi na sentabolti inabebeshwa kazi isiyo yake. Yubolti iliyokwisha kuvutika hatuirudishi. Tunaweka mpya, tunakaza kwa mkingamo gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Bushi (mipira) za macho ya springi na za shako, kile kiungo kinachoning'iniza mwisho wa springi, zinafuata. Bolti zake nazo zikazwe gari likiwa chini, wala si juu ya jeki, maana mpira ukikazwa ukiwa umepindika hautadumu. Halafu shokapu: ikifa, hakuna kinachotuliza mdundo ukishaanza. Pikapu nyingi hutoka kiwandani shokapu moja ikiwa mbele ya ekseli na nyingine nyuma yake, makusudi kabisa, ili kupunguza ekseli kuzunguka. Tumeshaona zimefungwa zote upande mmoja, eti zionekane sawasawa.

Hapa pwani kuna jambo jingine linalotuumiza roho: kupulizia oili chafu chini ya gari kuzuia kutu ya chumvi. Nia ni njema, ila oili inavimbisha na kuozesha mpira wa bushi. Kama ni lazima upulizie, ziba bushi kwanza.

Vyuma vya kunyanyulia gari vinavyowekwa kati ya ekseli na springi vinazidisha tatizo, kwa kuwa vinaipa ekseli mkono mrefu wa kuipinda springi. Tairi kubwa kuliko za kiwandani nazo huongeza mzigo huo. Tukikuta chuma cha namna hiyo kwenye gari la mizigo, ushauri wetu ni kukitoa, hata kama gari litapoteza umbo unalolipenda.

Vyote vikiwa vizima na bado inadunda, ndipo tunagusa springi. Nusu ya mbele ndiyo inayoizuia pua ya difu isipande, kwa hiyo tunaikaza kwa vibanio na pengine kuongeza pati fupi upande huo, nyuma tukaacha wazi ili gari lisiwe gumu. Pati ndefu nzima hupunguza mpindo, hatukatai, lakini ukirudi bila mzigo kwenye barabara ya makorongo tairi zinaruka na kukosa mshiko.

Kwa wanaotumia 4L kila siku tunatengeneza mkono wa chuma kutoka ekseli hadi chasisi. Mwisho wake wa mbele lazima uning'inie kwenye shako. Ukichomelewa moja kwa moja kwenye chasisi, ekseli inashindwa kupanda na kushuka kwa uhuru, na utapasua mabano au chasisi yenyewe. Tukiletewa kazi ya namna hiyo iliyofanywa kwingine, tunaikata kabla ya kuendelea.

Likianza kudunda ukiwa njiani, ondoa mguu kwenye moto (pedali ya mafuta) mara moja. Kuzidisha moto ndiko kunakovunja krosi. Anza upya taratibu, klachi ikiachiwa polepole.

Ukija, njoo na mzigo wako wa kawaida. Na baada ya kazi, turudishie gari ukishatembea kati ya kilomita 500 na 1,000 tukaze yubolti tena. Kazi hiyo hatulipishi.